Draiva Iliyokataa Kukosea

Draiva yangu mpya ilikataa kupiga vibaya. Tatizo lilikuwa hilo tu. Najua mcheza gofu yeyote akisikia hivyo atanitukana, maana yeye ameuza ng'ombe kutafuta draiva ya namna hiyo na bado mipira yake inalala kwenye miti. Mimi niliipata bila kuiomba. Nililipa kwa mfuko wangu, nikaibeba hadi nyumbani, na kila nilipojaribu kuupotosha mpira, iliurudisha katikati kama mchungaji anayerudisha kondoo asiyetaka kurudi.

Kwa asiyejua, draiva ni ile fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa kama kiazi kitamu, ya kupigia mpira wa kwanza, ule wa kwenda mbali. Na kwa nini mtu mzima mwenye akili zake hataki mpira wake uende mbali? Hapo lazima tuzungumze habari ya shamba.

Mimi ni mtu wa Kabuchai. Nanunua na kuuza mahindi soko la Chwele, na mengine nalima mwenyewe. Kwetu ardhi ni kidogo, na hiyo kidogo imejaa miwa na ndugu. Anayetaka kulima mahindi ya maana huenda Kitale kukodi. Kitale ardhi iko, na ardhi ina wenyewe, na wenyewe siku ya Jumamosi wako kwenye kiwanja cha gofu. Ukiwafuata nyumbani unaambiwa wametoka. Ukiwafuata ofisini, hawana ofisi. Kwa hiyo nilijifunza gofu jinsi mwingine anavyojifunza kuendesha trekta. Sikuupenda mchezo. Nilipenda mahindi.

Mwenye shamba wangu alikuwa Mzee Kiragu. Baba yake alihama kutoka Nyeri akanunua ardhi nje kidogo ya Kitale wakati ardhi ilikuwa bado inanunulika, na mtoto akarithi ekari nyingi, kofia tatu za gofu na uanachama wa klabu. Sasa ana miaka sabini na kitu. Alikuwa ametukodisha watu wawili. Mimi nilikuwa na ekari kumi na tano. Kang'ethe, fundi wa matrekta pale mjini, alikuwa na kumi. Hatukuwa na mkataba wa karatasi, na hatukulipa pesa. Kila magunia matano uliyovuna, moja lilikuwa la Mzee. Na hakuja kuhesabu hata siku moja. Ulimwambia umepata mangapi, akasema sawa, ukampelekea yake, akakupa chai.

Kila Januari, kabla ya kulima, sisi watatu tulicheza mashimo tisa. Tukimaliza tulikaa barazani kwa chai na mandazi, Mzee akatushika mkono mmoja mmoja, na mkono ule ndio uliokuwa mkataba wa mwaka.

Sasa, kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: mwenye shamba ndiye anayepiga mbali. Sisi wapangaji tulipiga nyuma yake. Tuliijua sheria hiyo kwa sababu ya mtu mmoja aitwaye Gathii. Huyo alikuwa na zile ekari kabla yangu. Januari moja, shimo la kwanza, Gathii alimpita Mzee kwa umbali wa kutosha kujenga shule katikati. Akarusha kofia juu. Akacheza na ngoma ambayo haikuwepo. Wiki hiyohiyo Mzee akagundua kwamba shamba la Gathii limechoka na linahitaji kupumzika. Lilipumzika siku chache, kisha nikapewa mimi.

Mtu hahitaji kusoma sana kuelewa somo la namna hiyo. Miaka minane nilipiga vibaya. Msidhani ni kazi rahisi. Ukikosea sana mtu anajua unaigiza, na ukikosea kidogo unampita. Mimi nilikuwa nachimba udongo nyuma ya mpira, halafu natikisa kichwa na kutazama mikono yangu kama imenisaliti. Kang'ethe alikuwa hodari zaidi. Yeye aliupiga mpira utosini, ukabiringika kwenye nyasi kama panya aliyefukuzwa jikoni, halafu akasema, "Mzee, hii mchezo si ya kila mtu." Na Mzee alicheka mpaka machozi. Wakati mwingine nilifikiri anamkodishia Kang'ethe kwa ajili ya kile kicheko tu.

Basi, Januari ya mwaka huu mambo yakaharibika, na yaliharibiwa na mdomo wangu.

Wiki moja kabla ya mchezo wetu, muuzaji wa vifaa anayeitwa Kipkemei alikuja klabuni kutoka Eldoret. Alizipanga draiva kwenye nyasi kama mikungu ya ndizi siku ya soko, na kando yake akasimamisha kisanduku chenye miguu mitatu. Alisema kisanduku kile kinapima kasi ya mkono wako, kisha kinakuambia draiva inayokufaa. Watu walipanga foleni. Wanaume ambao hawajapimwa presha tangu wazaliwe walisimama juani kungoja kupimwa mkono.

Mzee Kiragu alikuwa analalamika kwamba draiva yake imezeeka. Draiva, si yeye. Akapiga mipira mitatu mbele ya kisanduku. Kipkemei akasoma namba, akakohoa, akachukua fimbo mbili. Moja ilikuwa na mpini mgumu na uso uliosimama wima. Hiyo, alisema, ni ya mtu mwenye mkono wa kasi. Mwingine akiitumia mpira hautapanda. Ya pili ilikuwa na mpini laini unaopinda, na uso umelala nyuma kwa digrii kumi na mbili. Digrii sizijui, shule niliiacha kabla hazijafundishwa, lakini nilielewa alipoeleza kwamba hiyo inainua mpira yenyewe, na inasamehe makosa. Ukipigia kando, inarekebisha.

"Mzee," akasema, "hii laini ndiyo yako."

"Laini ni ya akina nani?" Mzee akauliza.

"Ni ya wale... watu wenye wamekomaa kidogo."

Kang'ethe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukumbuka ekari zake.

"Hiyo mashine betri imeisha, bana," akasema. "Angalia vile inamulika."

Mimi sikutaka kuachwa nyuma. Nikasema mashine ni ya kupima vijana wa Eldoret wanaokimbia, haijui mkono wa mkulima. Nikasema Mzee nimemwona kwa macho yangu miaka minane, na hajawahi kupitwa. Nikaendelea, kwa sababu mtu akianza kusifu breki zinakatika. "Mzee, ngumu ndiyo yako. Hiyo laini ni ya mtu kama mimi, mgongo umeisha na magunia."

Mzee aliitazama ile laini, akanitazama mimi, akatabasamu.

"Basi wewe Wanyonyi chukua hiyo. Jumamosi ukuje nayo, tuone vile wazee wanapiga."

Kipkemei alikitazama kisanduku chake kama ndugu aliyemwaibisha mbele ya wakwe, akakizima, akauza draiva mbili badala ya moja. Yangu ilimeza pesa ya mbolea ya ekari mbili. Mzee alinipiga bega. Kang'ethe alinipongeza kwa kifaa kipya, na macho yake yalikuwa yanacheka, kwa sababu yeye hakununua kitu.

Nilirudi nayo Kabuchai. Kesho yake jioni, baada ya kanisa, niliingia kwenye kishamba changu nyuma ya nyumba, mahindi yakiwa yameshakatwa, nikaanza mazoezi. Nilichimba udongo nyuma ya mpira. Mpira ukapaa. Niliupiga utosini. Ukapaa kidogo, kisha ukakimbia mpaka kwenye miwa ya jirani. Nikajipanga kuelekea kulia kabisa, kwa choo, nikaupinda mkono ili mpira upotee huko. Ukaenda kuelekea choo, ukabadilisha mawazo hewani, ukarudi ukaanguka katikati ya shamba. Kwa kweli kile kichwa kilikuwa kinasamehe. Kilisamehe hata dhambi za makusudi.

Mke wangu Agneta alikuwa amesimama na beseni la nguo akinitazama.

"Unatafuta nini huko?" akauliza.

Nikamweleza kwamba najaribu kupiga vibaya na siwezi.

Aliweka beseni chini. "Miaka hii yote nikikuambia kuna mambo unaweza kufanya vizuri ukijaribu," akasema, "sikuwa nataka kusema hii."

Alinishauri nifunge mkono bandeji niseme nimeteguka. Nikakataa. Mzee Kiragu ana imani yake kwamba mkulima mgonjwa huleta magugu, na kuumwa mwezi wa Januari ni kama kurudisha shamba kwa hiari. Basi niende na ile draiva ya zamani, akasema. Nayo haikuwezekana, kwa sababu nilikuwa nimeamriwa. Agneta akaanika nguo zake. Aliponipita akirudi ndani akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba karo ya binti yetu Nasike pale chuo cha Kibabii inatoka kwenye zile ekari, na kwamba yeye hajui gofu, ila anajua hilo.

Jumamosi nilifika Kitale mapema, nikaomba mvua. Jua likatoka zuri kama la kwenye kalenda.

Shimo la kwanza Mzee akaanza. Alikuwa amevaa kofia mpya kwa heshima ya draiva mpya. Akavuta pumzi, akazungusha. Ule mpini mgumu haukupinda hata kidogo, na mpira ukatoka chinichini, ukateleza kuelekea kulia, ukasimama mahali ambapo mtoto wa shule angeurusha kwa mkono.

"Upepo, Mzee," Kang'ethe akasema.

Bendera ya shimo ilikuwa imelala kama tambara la kudekia. Mzee akaitazama bendera. Kang'ethe akainama, akaupiga mpira wake utosini kwa ufundi wake wote, na yule panya akakimbia na kufa nyuma kidogo ya mpira wa Mzee. Nafasi ile ilikuwa finyu sana. Fundi ni fundi.

Zamu yangu. Niliamua kuchimba udongo, tena kwa nguvu, na nikachimba. Donge la nyasi lilipaa. Mpira nao ukapaa, ukampita Kang'ethe, ukampita Mzee, ukaendelea na safari zake.

"Bahati," nikasema.

"Bahati nzuri," Mzee akasema.

Shimo la pili ni fupi, halihitaji draiva, nikapumua. La tatu Mzee alipiga tena chinichini, na mara hii hakuna aliyetaja upepo. Nililenga miti iliyo kulia, ile minene, nikamwomba Mungu wa Agneta auweke mpira humo. Ukaenda mpaka kwenye majani ya kwanza, ukapinda, ukarudi katikati ya nyasi fupi, mbele ya kila mtu. Kang'ethe alinisogelea tukitembea.

"Unafanya nini, wewe? Unataka kulima wapi mwaka huu?"

Nikamwambia si mimi, ni kifaa. Akanitazama jinsi unavyomtazama mlevi anayelaumu barabara.

Shimo la tano Mzee hakupiga. Alisimama pale penye kijiti cha kuwekea mpira, akaiegemeza draiva yake ngumu kwenye kiti cha mbao, akanyoosha mkono.

"Hebu lete hiyo yako."

Nikampa. Ningefanya nini? Akaipima mkononi, akazungusha taratibu, bila kujikaza. Mpini ukapinda, kichwa kikapita, na tukasikia ile sauti safi ambayo sote tuliijua. Mpira ulipanda juu, ukakaa huko kama mwewe, ukashuka mbali. Mbali kweli. Uso wa Mzee ulifunguka. Nilimwona alivyokuwa pengine akiwa na miaka arobaini. Alicheka peke yake, kwa chinichini. Nami nikafurahi, nikafikiri tumepona: atachukua draiva, mimi nitachukua shamba, na dunia itaendelea.

Kisha kicheko kikapungua. Alibaki anautazama mpira, halafu akaitazama draiva, halafu akanigeukia. Mzee Kiragu hakuwa mjinga. Mjinga hashiki ekari nyingi hivyo kwa miaka mingi hivyo.

"Ile mashine haikuwa imeisha betri," akasema.

Akaigeuza ile draiva mikononi.

"Na kama mkono wangu ni huu, ile draiva ya zamani ilikuwa inapiga karibu. Karibu sana. Na nyinyi bado mlikuwa nyuma yangu." Alisema polepole kama mtu anayehesabu magunia. "Wanyonyi. Hii miaka yote mlikuwa mnaniachia?"

Nilimtazama Kang'ethe. Kang'ethe alikuwa anachunguza kiatu chake. Nikafikiria uongo mmoja mzuri uliokuwa tayari, kuhusu mgongo. Lakini nilikuwa nimechoka. Wiki nzima nilikuwa napigana na kipande cha chuma kinachokataa kudanganya, na nadhani kilinishinda.

"Ndiyo, Mzee. Tulikuwa tunakuachia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya Gathii. Alikupita, ukamnyang'anya shamba."

Mzee alinitazama kana kwamba nimezungumza Kichina. "Gathii? Gathii aliniibia. Alivuna magunia mia tatu akaniambia mia mbili. Nikaambiwa na mwenye lori. Mpira ulikuwa na maneno gani hapo?"

Basi hiyo ndiyo sheria tuliyoitii miaka minane. Haikuwepo. Tuliitunga wenyewe, tukaitii vizuri kuliko amri za Mungu.

Nilidhani atacheka. Pengine kwa siku nyingine angecheka. Lakini alikuwa anaendelea kufikiri, na niliona wazo linapotua.

"Na magunia?" akauliza.

"Magunia ni ya kweli, Mzee."

"Unaniambia hivyo na uso uleule ulitumia kuniambia ngumu ndiyo yangu."

"Magunia sijakuibia hata moja. Naapa."

"Labda," akasema. "Mimi nitajuaje?"

Magunia nilimpelekea yote, hata mwaka ule wa viwavi, nilipobaki na machache kuliko ya mbegu. Lakini hakuhesabu kwa sababu aliniamini, na sasa sikuwa na kitu cha kumwonyesha isipokuwa mdomo. Mdomo wangu alikuwa ameshausikia.

Akamgeukia Kang'ethe. Akamuuliza kama naye alikuwa anaachia.

Kang'ethe aliinua macho. Sijawahi kuona macho safi namna ile, hata ya mtoto anayebatizwa. "Mimi, Mzee? Mimi sijui kupiga. Mimi ndivyo ninachezanga." Akachukua draiva yake, akaweka mpira kwenye kijiti, akaupiga utosini. Panya akakimbia, akafia kwenye nyasi ndefu. "Unaona?" akasema kwa huzuni. "Hii mchezo si ya kila mtu."

Na Mzee akamwamini. Kulikuwa na haja kubwa ndani yake ya kumwamini mtu mmoja siku hiyo, na aliyekuwa tayari kuaminiwa alikuwa Kang'ethe.

Tulimaliza mashimo yote tisa. Hakuna mtu wa Kitale anayeacha mchezo katikati kwa sababu ya jambo dogo kama riziki ya mwenzake. Mzee alitumia draiva yangu mpaka mwisho, mimi nikatumia fimbo nyingine, na nilicheza kwa kadiri ya uwezo wangu kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Nilimshinda. Alinipongeza kwa adabu.

Barazani chai ililetwa na mandazi yake. Mzee alimmiminia kila mtu mwenyewe. Akamshika Kang'ethe mkono. Kwangu aliweka kikombe, akasema mwaka huu zile ekari atazikodisha kwa pesa, zilipwe zote kabla ya trekta kuingia, kwa mtu yeyote, ili asilazimike kumwamini. Alisema bila hasira. Akaniuliza kama ningezitaka kwa namna hiyo. Alijua sina pesa hizo, na mimi nilijua kwamba anajua.

Nilipoinuka kwenda, draiva ilikuwa imeegemea kiti chake. Akaishika kunirudishia. Nikamwambia abaki nayo, kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa yake, kisanduku kilisema. Akakubali. Kang'ethe alinisindikiza mpaka kwenye pikapu, akaniambia pole, na kwamba nikipata shamba lingine nisisahau kupiga utosini.

Agneta nilimweleza yote siku hiyohiyo. Hakunilaumu, jambo ambalo lilinitisha. Alichukua kalamu akaanza kuhesabu tulichopoteza, nami nikamtajia.

Ekari kumi na tano. Kila ekari, mwaka wa kawaida, magunia ishirini, hiyo ni mia tatu. Ukitoa sitini ya Mzee, yanabaki mia mbili na arobaini, ambayo mwaka huu sitayavuna. Draiva moja, ambayo ni mbolea ya ekari mbili, na hizo ekari mbili zenyewe hazipo. Mwaka mmoja wa Nasike chuoni, mpaka tupate njia nyingine. Na mzee mmoja wa Kitale ambaye kwa miaka minane hakuwahi kuhesabu gunia langu hata moja.